Nywele za Kwanza za Kanhai

Jumatano, 6 Mei

Nimekwisha! Kuhani Girdhari amekuja asubuhi na kitabu chake cha nyota, akanywa chai vikombe viwili, akalamba kidole, akafunua kurasa, akasema: Jumatatu. Kanhai wangu yumo mwaka wa tatu, sasa atanyolewa. Jumatatu, kwenye ngazi za mto, kabla jua halijapanda. Nywele alizozaliwa nazo zote zitumbukizwe katika mto mtakatifu, Ganga, usibaki hata unywele mmoja. Mama mkwe akapiga makofi. Wifi Lalmuni, ambaye amekuja kutoka kwa mumewe kwa ajili ya sherehe hii hii, akapiga vigelegele. Mimi nikapaliwa na chai.

Wao hawajui. Mwaka jana Kanhai alipoungua homa hadi macho yakapinduka, mama mkwe alisimama uani mbele ya majirani, akamwahidi Mama Ganga nywele za mjukuu wake. Sawa. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangulia! Alfajiri ile ile nilijifungia jikoni, nikageukia upande wa kijiji cha kwetu, nikamwambia Mai Sitala, mungu wetu wa kike akaaye chini ya mwarobaini: Mama, mponye, na nywele zake za kwanza nitakuletea mwenyewe miguuni pako. Kabla ya adhuhuri homa ikashuka. Sasa nani aliishusha? Mai Sitala ndiye mwenye homa. Yeye huituma, yeye huirudisha. Huyo si wa kuchezewa.

Kusema siwezi. Nadhiri ya siri ikitajwa kabla ya kulipwa huharibika, hivyo ndivyo mama yangu alivyonifunza. Na hata ningeweza, nywele za mtoto ni za ukoo wa baba. Mkaza mwana kumpelekea Mai wa kwao nywele hizo ni sawa na kumfungua ng'ombe wa mkwe usiku na kumswaga kwa babake.

Nikajaribu kidogo. Nikamuuliza kuhani, kwa sauti ya mtu asiye na neno moyoni, kama mtoto hawezi kunyolewa mahali pengine, tuseme chini ya mti. Akasema ukoo huu umenyoa mtoni vizazi saba. Mama mkwe akauliza, mti gani huo? Nikasema wowote tu, Mama, kwa ajili ya kivuli. Wifi akanitazama. Wifi alisoma hadi darasa la kumi, mimi niliishia la tano. Akikutazama unajiona daftari lenye makosa. Hili langu ninaloandikia nalificha ndani ya pipa la dengu.

Jioni nimemwogesha Kanhai. Shingoni ametokwa na vipele vyekundu. Mama mkwe anasema harara, joto la mwezi huu. Harara! Mimi najua ni nani anayenikumbusha.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango: ndoto. Mama mkwe huamini ndoto kuliko redio.

Nikamfuata akipeta mchele. Nikamwambia, Mama, nimeota bibi mmoja wa sari nyekundu, amepanda punda, ananyoosha mkono, anasema nimpe chake, tumemsahau. Punda nilimtia makusudi. Mai Sitala hupanda punda, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikangoja alitamke jina mwenyewe, ili lawama isiwe yangu.

Akaweka ungo chini. Akafumba macho. Kisha akaanza kulia! Huyo, akasema, ni shangazi yangu Budhiya. Alikufa kabla hujazaliwa. Sari yake ilikuwa nyekundu na mumewe alikuwa na punda wa kubebea udongo. Alifariki akitamani wali wa maziwa na hakuna aliyempikia.

Basi nimekoroga maziwa tangu mchana hadi magharibi, moshi machoni, kwa ajili ya marehemu nisiyemjua. Shangazi Budhiya tukamwekea kibakuli kimoja kwenye paa, kunguru wakala. Wifi alikula vitatu. Baba Kanhai alikula hadi wali ukamganda kwenye masharubu, na hapo ndipo alipoacha, kwa sababu masharubu yake hayataki mchezo. Mume wangu hutengeneza pampu za maji, mikono yake daima ni myeusi kwa grisi, lakini masharubu! Huyapaka mafuta ya haradali kila asubuhi na kuyasokota ncha zitazame mbinguni, ndipo akumbuke kunisalimu.

Vipele vimeongezeka.

Ijumaa, 8 Mei

Nimefikiri nikipika mikate, nikaunguza miwili, lakini nimepata. Nilimwahidi Mai nywele. Sikusema zote! Kishungi kimoja ni nywele. Mama Ganga atabaki na zilizosalia, na hataona pengo, ana maji mengi.

Ubaya ni mmoja. Chuma hakigusi kichwa cha mtoto kabla ya saa yake. Ni mkosi. Lakini kati ya mkosi na Mai Sitala, bora mkosi.

Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima ikalala. Nikatoa mkasi kwenye kikapu cha nyuzi. Kanhai alikuwa kwenye kitanda cha kamba, kidole mdomoni, jasho puani. Mwanangu mzuri! Nikainua nywele nyuma ya sikio la kulia. Nikakata. Jamani ule mlio, kama tawi linavunjika! Mama mkwe akageuka mkekani akasema kwa sauti kubwa: "Mwizi!" Nikasimama kama mti, mkasi ndani ya blauzi, ncha yake kwenye mbavu. Kumbe anaota. Alipoanza kukoroma nikakifunga kishungi katika karatasi, nikakizika ndani ya kopo la manjano. Nani hupekua manjano? Mpishi peke yake, na mpishi ni mimi.

Wifi akaamka, akajinyoosha, akatangaza kwamba leo atapika yeye, mimi nipumzike.

Miaka yote hajawahi hata kunipa chumvi! Nikasema haiwezekani, yeye ni mgeni. Akasema si mgeni, hapa ndipo alipozaliwa. Tukavutana mwiko. Mama mkwe akaniamuru niketi. Nikaketi mlangoni nikimtazama anafungua kopo. Akaingiza kijiko. Akakitikisa. Akachota. Akafunika. Nikashusha pumzi hadi mbuzi akanigeukia.

Nilishusha mapema mno. Wakati wa kula Baba Kanhai akavuta kitu kutoka kwenye kiazi. Kikavutika, kikavutika. Unywele. Wa njano. Akauinua kwenye taa, akauliza wa nani huu. Mama mkwe akamgeukia binti yake, akamwambia kama huko kwa mumewe wanapika bila kujifunika kichwa basi yeye hashangai kitu. Wifi akalia, akaapa nywele zake ni nyeusi. Ningepaswa kusema. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 9 Mei

Sijui nianzie wapi. Leo nimempaka Kanhai mafuta kichwani. Nyuma ya sikio, kipara changu, nakijua. Lakini kisogoni kuna kingine! Mviringo, cheupe, ukubwa wa biskuti. Sikukikata mimi. Nimejikumbusha mara tatu. Nilikata mahali pamoja tu, nyuma ya sikio, nikaacha.

Ni Mai. Ameona kishungi ni dharau, ameanza kujichumia mwenyewe.

Sikuweza kula. Na wifi naye hajanisamehe viazi ingawa hajui kosa langu. Mbele ya wote amesema Jumatatu yeye ndiye shangazi, yeye ndiye atakayepokea nywele kwenye upindo wa sari yake, na hataufungua hadi apewe hereni zangu za dhahabu. Zile alizonivisha mama yangu! Nikasema nitampa sari. Akasema sari anazo, masikio yake ndiyo yako uchi. Mama mkwe akacheka, akasema haki ya shangazi haibishaniwi.

Jambo moja tu limenifaa. Nilitaka kumvalisha Kanhai kofia, nikawaza watashangaa, joto kali hivi. Lakini wifi mwenyewe ameileta kofia! Na mama mkwe amekataza mtu yeyote asimwoshe mtoto kichwa hadi siku yenyewe. Hata sikuuliza kwa nini. Mtu anayezama haulizi kamba imetoka wapi.

Jumapili, 10 Mei

Cha tatu! Utosini! Chini ya kofia, asubuhi hii!

Nimejifungia jikoni. Kesho Mai atachukua nini, sikio? Vipele vimeshuka hadi mgongoni. Kanhai anacheka, anamvuta mbuzi mkia, hajui kitu. Nimemkumbatia hadi akanipiga.

Wageni wameanza kufika, shangazi za Baba Kanhai na watoto wao, kila mmoja anataka kumvua kofia ambusu utosini. Nimewapokonya mtoto kama mwewe. Wakasema mkaza mwana huyu ana maringo.

Basi nimekuna masizi chini ya sufuria kubwa, nikachanganya na mafuta ya haradali, nikampaka vipara vyote vitatu. Kwa mbali, weusi mtupu, huwezi kujua. Akalalia mto, mto ukawa mweusi. Mama mkwe akauliza. Nikasema ni wanja, Mama, dhidi ya kijicho cha wageni. Akaugeuza mto upande safi. Akasema vizuri, mwongeze.

Jumatatu, 11 Mei

Sari bado imelowa. Naandika hivyo hivyo.

Tulifika mtoni jua likiwa changa. Wanawake wa mtaa wakaimba. Baba Kanhai alivaa kilemba cha rangi ya waridi, masharubu yamesimama kama pembe za fahali. Nikaketi kwenye ngazi, mtoto mapajani, kofia kichwani. Wifi kando yangu, upindo wa sari umetandazwa, juu yake donge la unga wa ngano la kupokelea nywele zisiguse ardhi. Kinyozi Sukhari, mzee mwenye maneno makali kuliko nyembe zake, akasema mvueni kofia.

Nikasema kuna upepo. Wifi akasema kweli, upepo. Mama mkwe akasema upepo mkali sana. Moshi wa ubani wa kuhani ulikuwa umesimama wima kama nguzo ya umeme.

Sukhari akaivua mwenyewe. Akateka maji kwa viganja, akammwagia.

Masizi! Maji meusi yakamshuka Kanhai usoni, yakaingia puani, yakamchirizika tumboni. Akayalamba. Shangazi mmoja akapiga ukunga. Kuhani akaruka ngazi mbili asichafuke. Sukhari akamwosha tena, akampapasa, akakigeuza kichwa huku na huku kama mnunuzi wa tikiti maji, kisha akapaza sauti ambayo hata wafua nguo wa ng'ambo waliisikia.

"Jamani, mmeniita kuvuna shamba lililokwisha vunwa? Hapa mkasi umepita. Na hapa. Na hapa!"

Nyimbo zikakatika.

Mkasi! Nilishikilia neno hilo kama ukuta. Mai Sitala hana mkasi. Lakini sikupata nafasi ya kufikiri, kwa maana kuhani alikuwa amefunga kitabu. Akasema chuma kimegusa kichwa kabla ya saa, na asipojua ni nani na kwa nini, hasomi hata neno. Saa njema inapita, tazameni jua. Ikipita, tungojee majira ya baridi.

Majira ya baridi! Mama Ganga hajapata, Mai hajapata, na mtoto ana vipele hadi mgongoni! Baba Kanhai akanitazama. Watu wote wakanitazama, mama ndiye anayetazamwa siku zote. Nikafungua mdomo nitubu. Nikasema ni panya.

"Panya mwenye mkasi!" akasema Sukhari. "Mnamlisha nini nyumbani kwenu?"

Watu wakacheka. Kuhani hakucheka. Jua likapanda kidogo.

Hapo mama mkwe akaketi kwenye ngazi yenye maji, na sari yake mpya, akajifunika uso. Akasema cha utosini ni chake. Mwaka jana, baada ya kumwahidi Mama Ganga, aliingiwa na hofu, akaenda mbio hadi kwenye kaburi la pir, yule walii wa Waislamu, kule sokoni, akamwahidi na yeye nywele zile zile. Kwa nini? akafoka Baba Kanhai. "Ganga ana watu wengi mno, mwanangu," akasema. "Niliogopa foleni."

Kabla hatujapumua, wifi akaangua kilio. Cha kisogoni ni chake. Habari za homa zilimfikia kwa simu, akaingia ziwani huko huko kwa mumewe, na nguo zake zote, akaliangalia jua likichomoza, akaliahidi nywele za Kanhai. Akasema, "Mimi mtoto sina, kaka. Ninaye huyu." Hakuna aliyecheka. Nikamwekea mkono mgongoni bila kufikiri, na yeye hakuutoa.

Baba Kanhai akavua kilemba, akajikuna. Akasema hata yeye aliweka nadhiri siku ile, kwa Hanuman, mungu mwenye sura ya tumbili. Tukashtuka wote, tukakitazama kichwa tena. Akasema aliahidi ladu, na alishazipeleka. "Mtu mwenye akili huahidi kitu kinachopikwa!"

Kikabaki kimoja. Cha nyuma ya sikio. Nikautazama mto kama sijawahi kuuona. Nikasema, basi pengine hicho kimoja ndicho cha panya.

Wifi akaacha kulia ghafla. Akanigeukia, machozi bado kwenye kidevu. "Unywele wa njano," akasema. "Kwenye kiazi. Nikatukanwa mimi!"

Nikasema yote. Mai Sitala, mwarobaini, kijiji cha kwetu, kopo la manjano. Nikainamisha kichwa, nikangoja kofi la mama mkwe. Halikuja. Nikainua jicho. Alikuwa anahesabu kwa vidole: sari nyekundu, punda. "Kumbe yule wa punda ndiye yeye!" akasema. "Na wewe ukaniacha nimlilie shangazi Budhiya!" Kisha akashusha sauti, akauliza kama Mai naye anangoja tangu mwaka jana. Nikasema ndiyo, Mama. Akavishika vipele vya Kanhai shingoni, akapauka. "Nyoa, Sukhari! Nyoa wewe! Huyu mtoto anadaiwa kila upande!"

Kuhani akatazama jua, akafungua kitabu, akasoma kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, labda nusu aliiruka. Wembe ukapita. Kanhai akalia hadi ng'ombe wakaitika, nikambana, nikalia naye. Wifi alidaka kila unywele, hata ulioruka akaukamata hewani. Kipara kikatokea, kidogo, cheupe, na mshipa mmoja wa buluu. Kumbe ana kichwa cha baba yangu.

Kisha wifi akaufunga upindo wake, akajishika sikio, akangoja. Jua lilikuwa karibu kukaa pabaya. Nikazivua hereni. Nikamvisha mwenyewe, kushoto, kulia. Akaninong'oneza kuwa ya kushoto nimeipindua. Akafungua. Nywele zikaenda na maji.

Jumatano, 13 Mei

Jana tumelipa. Mama mkwe amekwenda mwenyewe sokoni kwa pir na kishungi chake. Mimi na wifi tukapanda gari dogo la tempo hadi kwetu, nikamwekea Mai Sitala kishungi miguuni, cha njano. Nadhani manjano yamempendeza. Cha wifi kimefungwa katika leso, atalipelekea jua lake atakaporudi kwa mumewe. Vipele vimekauka. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nywele zimeondoka na joto limepata njia. Haya.

Chini ya mwarobaini niliapa kwa sauti: sitaweka tena nadhiri ya siri maisha yangu yote. Wifi naye akaapa. Tulipomweleza mama mkwe, akaapa na yeye, kwa vichwa vyetu sote. Baba Kanhai akasema hatimaye nyumba hii imepata akili.

Leo asubuhi, baada ya kuoga, Kanhai akapiga chafya.

Nikajiambia ni maji yaliyomwingia puani. Akapiga tena. Kichwa kitupu kile, hakina hata manyoya ya kifaranga! Wifi akaangusha sahani. Mama mkwe akaacha ungo hewani. Akapiga ya tatu.

Sikumbuki nilifikaje jikoni. Nilijikuta nimefunga mlango, nimegeukia kwetu, mikono kifuani. Lakini niahidi nini? Nywele hana tena. Hereni zinaning'inia kwa wifi. Ng'ombe ni wa mkwe. Nikatazama nje kwa dirisha dogo. Baba Kanhai alikuwa amesimama mbele ya kioo chake, kibuyu cha mafuta ya haradali mkononi, anasokota masharubu.

Upande mmoja tu, nilimwambia Mai. Wa kulia.

Chafya zimekoma! Pale pale! Mtoto amecheza mchana kutwa, amekula wali, hana neno. Baba Kanhai naye amekula, amelala uani kwenye kitanda cha kamba, kinywa wazi, usingizi wa tembo. Jambo la ajabu ni kwamba mama mkwe amemletea mto, na hajawahi kumletea mto tangu nilipoolewa hapa. Amekaa upande wa kushoto wa kichwa chake, anamtazama kwa upole sana. Wifi amekaa upande wa pili, anampepea. Wifi!

Nimekwenda kwenye kikapu cha nyuzi kuchukua mkasi. Mkasi haupo.